Waraka Si Sheria

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu niseme neno juu ya shule za Serikali na sheria zinazozitawala. Najua ya kuwa wengi wetu tukiona neno "sheria" hufunua ukurasa wa pili upesi, kutafuta habari za mishahara na uhamisho. Lakini nawasihi ndugu zangu makarani wanivumilie, maana jambo hili lapita mikononi mwetu kila siku, nasi ndio tunaolipiga mhuri.

Siku moja mzee mmoja alikuja dirishani kwetu, amemshika mjukuu wake mkono. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango ambao haukulipwa. Mzee hakugomba wala hakupaza sauti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye karatasi. Nipe karatasi isemayo kwamba mtoto huyu asome bila kulipa, niipeleke shuleni." Nikaenda masjala, nikafungua jalada, nikampa nakala ya waraka. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza: "Hii yaweza kufutwa na nani?" Nikamjibu kweli, ya kuwa yaweza kufutwa na yule aliyeiandika, au na yeyote atakayekalia kiti chake. Mzee akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema: "Basi hii ni barua."

Mtoto alirudi darasani siku ile, kwa kuwa barua ilitosha kwa siku ile. Lakini neno la yule mzee halikuniacha, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sisi makarani twajua karatasi kuliko watu wengine. Twajua ya kuwa karatasi zina vyeo kama watu walivyo na vyeo. Juu ya zote ni Katiba. Chini yake ni sheria iliyopita Bungeni na kutiwa sahihi na Rais. Chini ya sheria ni kanuni, ambazo Waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na sheria hiyo. Chini ya kanuni ni waraka, ambao Wizara huupeleka mikoani na wilayani kueleza jinsi ya kufanya kazi. Sera nayo hutangaza nia ya Serikali, lakini nia haimfungi mtu kama sheria imfungavyo. Na tamko la mkutanoni, hata likitolewa na mkubwa wa namna gani, ni sauti tu mpaka liandikwe. Mtu asiyejua vyeo hivi hudhani ya kuwa kila karatasi yenye nembo ni ya kudumu. Sisi hatuna udhuru wa kudhani hivyo.

Tutazame basi jinsi shule zetu zilivyojengwa. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, naye mwenyewe alikuwa karani aliyesoma shule ya misheni, Kiungani, Unguja. Tangu siku zile mambo ya elimu yalikuwa mambo ya makarani. Mwaka 1927 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya elimu, na kwa sheria hiyo shule za misheni zilizokubali kukaguliwa na kufuata taratibu zilipewa ruzuku. Mwaka 1961 ikatungwa sheria nyingine, iliyoanza kazi Januari 1962, ikakomesha desturi ya kuwa na shule za Wazungu peke yao, za Waasia peke yao, na za Waafrika peke yao. Mwaka 1969 ikatungwa Sheria ya Elimu iliyoziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali. Mtu aweza kuyasifu mambo hayo au kuyalaumu, lakini yote yalipita mahali pa kutungia sheria, yakaandikwa, na watu wakayasoma.

Mambo ya ada hayakwenda hivyo. Mwaka 1973 ada za shule za msingi ziliondolewa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likasema ya kuwa watoto wote wa umri wa shule wawe darasani kufika Novemba 1977. Tena mwaka 1978 Bunge likatunga Sheria ya Elimu Namba 25, ikamlazimisha kila mzazi kumwandikisha mtoto wake akiwa na miaka 7, na kuhakikisha ya kuwa anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Watu wakafurahi. Lakini zikaja taabu za mali miaka ya 1980, na malipo yakaanza kurudi polepole kwa majina mbalimbali, hata katika miaka ya 1990 mzazi akawa analipa tena ili mtoto wake asome shule ya msingi. Sheria ya kumlazimisha mzazi ilikuwapo wakati wote huo. Sheria hiyo ilimfunga mzazi ampeleke mtoto shuleni, lakini haikuifunga Serikali isimtoze.

Mwaka 2001 ada za shule za msingi zikaondolewa mara ya pili, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Watoto walifurika. Kufika mwaka 2005 walikuwamo zaidi ya milioni 7 katika shule za msingi. Jambo hili latufundisha mambo mawili. Kwanza, wazazi wetu hawakuwa wavivu wa kupenda elimu, bali walikuwa wamefungiwa mlango, na mlango ulipofunguliwa waliingia. Pili, kitu kilichoondoka mara moja bila Bunge kuulizwa chaweza kuondoka tena.

Kisha ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikaahidi elimu ya msingi ya lazima ya miaka 10 bila ada. Novemba 2015 Wizara ikatoa Waraka wa Elimu Namba 5, na tangu Januari 2016 ada zikakoma katika shule za Serikali mpaka kidato cha nne. Mwaka 2016 ukatoka waraka mwingine, Namba 3, kueleza wajibu wa kila mmoja katika jambo hilo: Serikali, mkuu wa shule, kamati na mzazi. Januari 2018 Rais John Magufuli akaagiza michango yote ikome. Mwaka 2022, katika hotuba ya bajeti, ikatangazwa ya kuwa ada za kidato cha tano na cha sita nazo zaondolewa. Haya yote ni mema, nami sina neno baya juu yake. Lakini mhesabu msomaji: waraka, waraka, agizo, hotuba.

Tena haikuwa kwamba mlango wa Sheria ulikuwa umefungwa. Mwaka 2016, mwaka ule ule elimu bila ada ilipoanza, Bunge liliifungua Sheria ya Elimu na kuirekebisha, ili mtu amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari apate kifungo cha miaka 30. Neno hilo lilikuwa zito, na Bunge liliona lafaa kukaa katika Sheria. Kwa nini basi ahadi ya kutomtoza mtoto iliachwa ikae katika waraka?

Yuko msomaji atakayesema ya kuwa namna ya karatasi si kitu, maadamu mtoto anasoma. Huyo nampa habari ya wasichana. Kanuni za mwaka 2002 juu ya kuwafukuza wanafunzi zilitoa nafasi ya kumwondoa shuleni mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa neno hilo wasichana wengi waliopata mimba waliondolewa. Mwaka 2017 Rais alitamka hadharani ya kuwa msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya Serikali. Novemba 2021 Wizara, chini ya Waziri yule yule lakini Rais mwingine, ikatoa Waraka Namba 2 ukiruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi, na hao wasichana wakiwamo. Msichana aliyezaa mwaka 2018 na yule aliyezaa mwaka 2022 waliishi chini ya Sheria moja ya mwaka 1978. Lakini mmoja alifungiwa na mwingine akafunguliwa, kwa sababu ya kalamu iliyokuwa mezani siku ile. Akija mwenye kalamu nyingine, yule wa tatu atakuwa mtoto wa nani? Huenda akawa wako au wangu.

Majirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mwaka 2013 Bunge lao likatunga Sheria ya Elimu ya Msingi kuifuata. Sisemi ya kuwa shule za Kenya hazina taabu. Zinazo, na wazazi wa huko hulalamika juu ya malipo kama wa kwetu. Lakini mzazi wa huko akidhulumiwa aweza kwenda mahakamani akiwa na Katiba mkononi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, yasema vizuri ya kuwa Serikali itajitahidi watu wote wapate nafasi sawa na za kutosha za elimu. Lakini ibara ya 7 yasema ya kuwa mambo ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo hapa kwetu Sheria ya Elimu ndiyo ukuta wa kuegemea, na ukuta ule yafaa tuutazame kwa macho mawili.

Sasa niseme juu ya fedha, maana haki isiyo na fedha ni kama barua isiyo na stempu. Tangu siku za MMEM kiasi kilichowekwa kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2002 shilingi hizo zilikuwa sawa na dola 10 za Marekani hivi. Kufika mwaka 2024 shilingi 10,000 zile zile hazikufika dola 5. Utaratibu wa mwaka 2016 uliweka shilingi 10,000 hiyo hiyo, katika hiyo shilingi 4,000 zikiwekwa kwa vitabu, na shilingi 6,000 zikipelekwa katika hesabu ya shule benki. Gawa kwa miezi 12: ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 600 hupata shilingi 300,000 kwa mwezi, na katika hizo mwalimu mkuu anunue chaki, atengeneze dawati lililovunjika, achapishe mitihani ya majaribio, na kutengeneza bomba la maji. Nawauliza makarani wa hesabu: nani kati yenu aweza kuendesha ofisi ya watu 600 kwa fedha hizo? Basi mwalimu mkuu akishindwa, huanza kuomba mchango. Mchango usipolipwa, mtoto hurudishwa. Na mzee huja dirishani kwetu.

Nasema hivi nikiwahurumia walimu wakuu. Waraka uliwakataza kutoza, na haukuwapa cha kutosha. Lakini kama kiasi cha ruzuku kingeandikwa katika jedwali la Sheria, na Bunge likalazimika kukitazama tena kila baada ya miaka michache, upungufu ule ungejulikana mahali panapostahili, Bungeni, wala usingejificha katika mkoba wa mwalimu mmoja kijijini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki nayo ni mali.

Kuna maneno matatu ambayo hutupwa mbele ya mtu anayesema kama nisemavyo, nami nitayajibu.

Neno la kwanza ni hili: Serikali haina fedha, basi isijifunge kwa sheria. Najibu ya kuwa mtu mwenye mali kidogo ndiye hasa apangaye matumizi yake kwa maandishi. Asiyejifunga hutumia kwanza penye kelele nyingi, na watoto wa darasa la pili hawana kelele.

Neno la pili: sheria nyingi zimo vitabuni na hazifuatwi, basi moja zaidi itafaa nini? Ni kweli ya kuwa sheria haitembei kwa miguu yake. Lakini sheria isiyofuatwa humpa mtu mahali pa kusimama na kudai, na waraka uliofutwa haumpi kitu. Yule mzee alikuja akiomba karatasi. Hakuomba huruma yangu.

Neno la tatu lanielekea mimi mwenyewe. Wenzangu huniambia: "Wewe ulisoma sekondari ya misheni, mbona wazitetea shule za Serikali?" Sioni haya kujibu. Nawashukuru walionifundisha, na nidhamu niliyoipata kwao ningali nayo. Lakini shule ile ilikuwa na madawati ya watoto mia chache, na kijiji chetu kilikuwa na watoto kupita hao. Niliingia kwa bahati na kwa karo iliyotolewa na mjomba. Rafiki yangu aliyenishinda hesabu hakuwa na mjomba wa namna hiyo. Tena tusisahau ya kuwa hata shule za misheni za zamani zilisimama kwa msaada wa ruzuku ya umma tangu sheria ya 1927. Misheni na watu binafsi waweza kujenga shule nzuri, na wafanye hivyo. Lakini kumpa kila mtoto wa kila kijiji nafasi, awe na mjomba au asiwe naye, ni kazi ya umma, nayo haina mwingine wa kuifanya.

Sasa ndugu zangu, nawaomba radhi kabla ya kusema neno linalofuata, maana litauma, nami naumwa pamoja nanyi. Wengi wetu tuandikao barua za shule za Serikali tumewatoa watoto wetu katika shule hizo. Asubuhi mabasi ya rangi ya njano huwachukua kwenda shule za kulipia, kisha sisi twaingia ofisini kugawa chaki za watoto wa wengine. Simlaumu mzazi amtafutiaye mwanawe mema. Hata nyumbani kwangu tulilijadili jambo hili usiku kucha, wala hatukupatana upesi. Lakini tutazame matokeo yake. Mtu mwenye elimu, ajuaye kusoma Gazeti la Serikali na kuhesabu ruzuku, akimwondoa mtoto wake, humwondoa pamoja naye mzazi mmoja aliyeweza kuuliza swali katika mkutano wa shule. Hubaki wazazi wasiojua waulize nini, na mwalimu mkuu asiye na wa kumsaidia kudai. Nyumba isiyo na mwenyewe hubomoka hata kama matofali yake ni mazuri. Basi asiyekuwa na mtoto katika shule ya Serikali na asiache kuwa na sauti katika shule hiyo.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya wanachama.

La kwanza, kila tawi lichague mtu mmoja wa kusoma Gazeti la Serikali na kutazama miswada na kanuni zinazohusu elimu, aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, na kuubandika penye ubao wa matangazo. Sera ya 2014 katika toleo lake la mwaka 2023, lililozinduliwa mwaka 2025, yasema ya kuwa elimu ya lazima iwe miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Sheria ya 1978 ilitungwa kwa nchi ya darasa la saba. Basi Sheria na Sera sharti zipatanishwe, na wakati wa kupatanisha ndio wakati wa kusema.

La pili, muswada unapopelekwa katika Kamati ya Bunge, na watu wakaitwa kutoa maoni, chama chetu kipeleke karatasi yake. Isiwe na malalamiko, bali iwe na mambo matatu tu: mtoto wa shule ya Serikali asitozwe ada wala asirudishwe nyumbani kwa ajili ya mchango katika miaka yote ya elimu ya lazima, kiasi cha ruzuku kiandikwe katika jedwali na kutazamwa tena kwa wakati uliowekwa, na msichana aliyezaa awe na haki ya kurudi darasani kwa neno la Sheria yenyewe.

La tatu, kila mwanachama ahudhurie mkutano wa shule ya Serikali iliyo karibu na nyumba yake, hata kama hana mtoto hapo, aombe kwa adabu fedha zilizopokewa na zilizotumika ziandikwe ubaoni. Hili si kumshuku mwalimu. Ni kumlinda.

La nne, sisi wenyewe dirishani tuwajibu watu kweli. Mtu akiuliza haki yake, tumpe nakala, tumweleze cheo cha ile karatasi, na tumwonyeshe mahali pa kupeleka shauri lake.

Labda mwenye hofu atauliza kama mtumishi wa Serikali aruhusiwa kusema haya. Taratibu za utumishi zatuzuia tusijitie katika mashindano ya vyama vya siasa tukiwa kazini, na ni haki. Lakini kusoma Gazeti la Serikali, kuhesabu shilingi 500, na kupeleka maoni Bungeni pale Bunge lenyewe lilipoyaomba, si siasa ya vyama. Ni kazi ya raia ajuaye kusoma.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mwaka 1973 tuliona ada zikiondoka, kisha zikarudi. Mwaka 2001 ziliondoka tena, na mwaka 2016 zikaondoka mpaka sekondari. Yule mzee aliyekuja dirishani yaonekana alikuwa mkubwa wa kutosha kuyakumbuka yote, na ndiyo maana aliuliza swali lile kabla ya kuikunja karatasi. Mjukuu wake naye atakuwa na wajukuu. Siku watakapokuja dirishani, karani atakayekuwa hapo awe na Sheria ya kuwapa.

Wasalaam,

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Masjala